Wiki ya mazoezi ukiwa safarini: hesabu dakika, kilomita ziache nyumbani

Ratiba nyingi za mbio zimeandikwa kwa mtu anayelala kitanda kilekile siku zote saba, anayezijua kona zote za barabara yake na mbwa wote wa mtaa wake. Mpe mtu huyo safari ya kikazi ya wiki moja uone. Jumanne yuko njiani, Jumatano kikao kimechelewa, Alhamisi anafidia yote kwa mkupuo, Ijumaa anashuka ngazi huku ameshikilia ukuta. Kukosa siku moja hakuna madhara. Kinachoumiza watu ni kule kufidia.

Nitachukua mfano mmoja na kwenda nao hadi mwisho, maana ushauri wa jumla haumsaidii mtu aliye stendi na begi mkononi. Mkimbiaji wetu anaishi Dar es Salaam, hukimbia siku nne au tano kwa wiki, jumla kama kilomita 40, na mbio zake nyepesi ni dakika sita na nusu kwa kilomita. Amejiandikisha kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon, ambayo hufanyika Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Sasa ni katikati ya Januari. Kazi inampeleka Dodoma kwa treni Jumanne, Arusha kwa basi Alhamisi. Ijumaa jioni anaweza kuwa Moshi, kilomita 80 tu kutoka Arusha, na Jumapili anarudi nyumbani. Safari hii, ikitumiwa vizuri, inampitisha kwenye chumba chenyewe cha mtihani wiki sita kabla ya karatasi.

Mazoezi mawili yasiyoguswa

Kabla ya kupanga begi, chagua mazoezi mawili ambayo hayaguswi: siku moja ya kasi na mbio moja ndefu. Hayo ndiyo yanayoibeba wiki. Mbio nyepesi za katikati zina kazi yake, lakini ukikosa moja au mbili ndani ya wiki moja, pumzi haiendi popote. Hata wiki nzima ya nusu ya kilomita zako za kawaida, mradi siku ya kasi imebaki, hutaiona kwenye matokeo ya mwezi ujao.

Mazoezi hayo mawili yawekwe kwenye siku ambazo hukutoka kukaa kitini saa nyingi. Kwa mkimbiaji wetu ni Jumatano, akiwa ameshalala Dodoma usiku mzima, na Jumamosi akiwa Moshi. Siku ya basi refu ipewe sifuri tangu mwanzo. Sifuri iliyopangwa haimkeri mtu. Inayokeri ni ile iliyokuja yenyewe, ndiyo inayokupeleka kukimbia usiku barabara usiyoijua.

Halafu andika wiki yote kwa dakika: Jumatatu 40, Jumanne 25, Jumatano 55, Alhamisi sifuri, Ijumaa 40, Jumamosi 105, Jumapili sifuri. Jumla ni dakika 265, saa nne na dakika 25, ambazo kwa mwendo wake ni kama kilomita 40 zilezile. Faida ya dakika ni kwamba hazibadiliki mji ukibadilika. Kilomita 8 za ufukweni Dar si sawa na kilomita 8 za Arusha zenye mlima na hewa nyepesi. Ukizilazimisha zilingane, mbio nyepesi inageuka kuwa ya kasi bila wewe kujua. Tena mwenye kuhesabu dakika hapotei: unakimbia dakika 20 kwenda, unageuka, unarudi kwa njia uliyokuja nayo. Penye mlima, anza kwa kupanda. Penye upepo, anza kwa kuukabili. Ukichoka uwe umeelekea nyumbani.

Begi

Viatu vya kukimbilia vivae safarini au viweke kwenye begi unalokaa nalo. Nguo zote zikipotea unaweza kununua nyingine mjini. Kiatu kilichozoea mguu wako hakinunuliki kwa siku moja, na kukimbia dakika 105 na kiatu kipya ni kuomba malengelenge. Nguo zinatosha seti mbili, zisiwe za pamba, kwa sababu pamba ikilowa jasho hukaa nzito na haikauki usiku mmoja. Fua kwenye sinki kwa sabuni ya kawaida, kamua, kisha itandaze juu ya taulo kavu, viringisha vyote pamoja kama mkeka na ukanyage kwa miguu. Taulo hunyonya maji mengi kuliko mikono inavyoweza kukamua. Ukitundika chini ya feni, asubuhi imekauka. Kwa wanawake, sidiria za michezo ziwe mbili kamili, maana ndizo zinazochelewa kukauka kuliko vyote.

Ongeza jozi tatu za soksi, kofia, taa ya kichwa, reflekta ya kuvaa, kopo dogo la mafuta ya mgando kwa ajili ya mapaja na kwapa, plasta, pakiti mbili za ORS, na chupa ya nusu lita inayoshikika vizuri mkononi. Mfukoni mwa kaptula kuna vitu ambavyo havitoki: noti ya elfu kumi ya bodaboda ya kurudi, na karatasi yenye jina la hoteli na namba ya simu ya mtu wako. Simu ikizima, karatasi haizimi.

Jumatatu na Jumanne: Dar hadi Dodoma

Jumatatu haina mengi. Dakika 40 nyepesi kabla jua halijakaa vizuri, Coco Beach kupitia Daraja la Tanzanite na kurudi, kisha vipande sita vya sekunde 20 vya kuchanganya miguu kwa kasi, katikati yake ukitembea dakika moja. Watu wengi huvidharau vipande hivi kwa kuwa havichoshi. Lakini Mtanzania Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo, Septemba 2025, kwa saa 2:09:48, muda uleule ulioandikwa kwa mshindi wa pili. Baada ya kilomita 42 kilichoamua ni hatua chache za mwisho. Sisi hatufukuzii dhahabu, ila miguu inayojua kupokezana upesi hutumia nguvu kidogo hata ikienda taratibu.

Treni ya umeme ya SGR imeirahisisha Jumanne. Dar hadi Dodoma ni chini ya saa nne, na unaweza kuinuka kutembea kati ya viti, jambo ambalo basi halikupi. Ukifika kukiwa bado kuna mwanga, kimbia dakika 25 za kunyoosha miguu tu. Ukifika giza limeingia, acha. Zifanye dakika hizo kuwa mazoezi ya chumbani: kuinua visigino ukiwa umesimama mguu mmoja, mara 15. Kukaa na kuinuka kitandani kwa mguu mmoja, mara 8. Kulala chali na kuinua nyonga, mara 12. Kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu, sekunde 30. Zunguka mara tatu. Kitanda kikiwa chepesi kisogeze ukutani kwanza, kisije kikakukimbia.

Usiku huohuo zungumza na mlinzi wa getini. Mhudumu wa mapokezi atakuelekeza barabara nzuri ya gari. Mlinzi ndiye anayejua saa ngapi watu wanaanza kupita, nyumba gani hufungulia mbwa usiku, na wapi taa za barabarani haziwaki. Mwambie pia utarudi saa ngapi.

Jumatano: siku ya kasi

Kitu kimoja kinachowashangaza wa pwani ni kwamba Dodoma jua huchomoza kama dakika 15 baada ya Dar, kwa kuwa mji uko magharibi zaidi ingawa saa ni moja. Ukizoea kutoka saa 12 kamili asubuhi Dar na ukakuta mwanga, Dodoma saa hiyohiyo unakuta giza. Sogeza kengele mbele robo saa, au vaa taa.

Mahali pa kukimbilia hapakosekani. Mitaa ya Uzunguni na Kilimani ina barabara tulivu asubuhi. Barabara za Chuo Kikuu cha Dodoma, vilimani Chimwaga, ni pana na zina milima ya kutosha. Na anayelala karibu na Mji wa Serikali, Mtumba, ana barabara mpya ndefu zisizo na kivuli. Januari ni msimu wa mvua Dodoma, hivyo njia ya vumbi ya mwezi wa nane sasa ni tope linalonasa kiatu. Baki kwenye lami.

Zoezi lenyewe: dakika 15 nyepesi, kisha dakika 3 kasi na dakika 2 polepole sana, mara sita, kisha dakika 10 za kupoa. Kasi maana yake ni ile ambayo unaweza kusema maneno matatu au manne lakini huwezi kumaliza sentensi. Huhitaji uwanja wala alama za mita. Kipimo ni nguzo za umeme: hesabu umepita nguzo ngapi katika kipande cha kwanza na cha pili. Linganisha vipande vya uelekeo mmoja tu, kwa kuwa upepo wa Dodoma unaweza kukupa nguzo mbili za bure ukienda na kukunyang'anya ukirudi. Kipande cha tano kikipungua nguzo mbili kulinganisha na cha kwanza, zoezi limeisha, rudi pole. Hicho cha sita cha kulazimisha hakikuongezei kitu.

Hewa nayo isemwe kama ilivyo. Dodoma iko mita 1,120 hivi juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 88 ya ule wa Dar. Katika mbio nyepesi huenda usiuhisi, hasa kwa vile kuna ubaridi na jasho linakauka. Utauhisi katika vipande. Miguu inataka kwenda, pumzi hairudi kwa wakati. Wengi hukosea kwa kupunguza kasi ya vipande hadi zoezi linapoteza maana. Afadhali urefushe mapumziko: dakika 2 ziwe 3, kasi ibaki. Vilevile usiulize saa ya mkononi kila baada ya mita mia. Saa inayotafuta setilaiti katika mji mpya inaweza kuchelewa dakika moja au mbili kuzipata. Simama mahali pa wazi uisubiri itulie kabla ya kuanza, la sivyo kilomita ya kwanza itakuwa hadithi.

Usalama barabarani ni neno moja: kimbia upande wa kulia, ukikabiliana na magari yanayokuja. Ila usiamini kwamba nyuma yako hakuna kitu. Bodaboda huja pande zote mbili. Kwa sababu hiyo sikio moja libaki wazi daima.

Mbwa akikujia, simama. Ukikimbia umemthibitishia kwamba wewe ni windo. Mgeukie, usimkazie macho, ondoka kinyumenyume polepole. Akizidi, inama kama unayeokota jiwe, wengi wao wanaijua hiyo lugha. Akikuuma hata mkwaruzo tu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili ukitazama saa, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Hapo ratiba ya mbio haina neno.

Na mvua ikinyesha alfajiri nzima? Hoteli ikiwa na mashine ya kukimbilia, zoezi lilelile la dakika linafanyika. Usiamini kasi inayoonyeshwa, mashine za zamani hudanganya kwenda juu au chini, sikiliza pumzi. Weka feni ikuelekee usoni, kwa sababu ndani hakuna upepo unaoupata ukikimbia nje na joto la mwili hupanda upesi. Bana ile kamba ya usalama kwenye nguo. Na ujue kwamba umeme ukikatika mkanda husimama chini ya miguu inayokimbia, kwa hiyo kwenye vipande vya kasi mikono iwe karibu na vishikio.

Alhamisi: basi

Dodoma hadi Arusha kupitia Kondoa na Babati ni zaidi ya kilomita 400, na mwili unaotoka kwenye zoezi la kasi unakwenda kukunjwa kitini siku nzima. Misuli ya mbele ya nyonga hukaa imefupishwa saa zote hizo, damu na maji hushukia miguuni, na asubuhi yake hatua inakuwa fupi bila wewe kujua sababu. Hapo ndipo wengi hupata maumivu ya nyuma ya paja: nyonga haifunguki, paja linavuta kwa niaba yake.

Kata siti ya upande wa njia, si dirishani, hata kama mandhari ya Babati inavutia. Kila saa nyanyua visigino mara 30 ukiwa umekaa, na basi likisimama, shuka hata kama huna haja. Soksi ndefu za kubana zinasaidia miguu isivimbe.

Suala la maji ndilo lenye utata, kwa sababu kila msafiri anajua hesabu ya kuchimba dawa: ukinywa, utataka kushuka, na dereva hasimami kwa ajili yako peke yako. Basi watu huacha kunywa kabisa, wanafika mkojo ukiwa rangi ya chai, kisha kesho yake wanashangaa moyo unadunda kwenye mbio nyepesi. Njia ya katikati ni kunywa vizuri usiku wa kuamkia safari, nusu glasi asubuhi, halafu mafunda madogo njiani, kama glasi moja kwa saa, na kuongeza baada ya kila kituo badala ya kabla yake. Ukifika, malizia deni kwa pakiti ya ORS. Kama huna pakiti, chemsha maji lita moja, yapooze, weka sukari vijiko vidogo sita vya kusawazisha na chumvi nusu kijiko kidogo. Usizidishe chumvi kwa kudhani ni bora zaidi. Inakuletea kiu na kichefuchefu.

Chakula cha njiani kichaguliwe kwa ngozi yake: ndizi, yai la kuchemsha lisilomenywa, karanga, hindi la kuchoma linalotoka motoni mbele ya macho yako. Kachumbari na mishikaki iliyokwishapoa iache kwa wasiokimbia Jumamosi. Tumbo likiharibika, hukimbii hadi upite siku nzima bila kuharisha, na hata mbio ndefu ikiangukia hapo, inaanguka.

Arusha ukishuka, usikimbie. Tembea dakika 15 hadi 20 bila begi. Kisha chumbani piga goti moja juu ya mto, mguu mwingine mbele, sukuma nyonga mbele mpaka usikie inavuta juu ya paja, sekunde 45, mara mbili kila upande. Inatosha.

Ijumaa: mtego wa ubaridi

Arusha ni mita 1,400 hivi, hewa kama asilimia 85 ya pwani. Kwa mtu wa Dar anayekimbia Januari katika joto la usiku lisilopoa na unyevu unaobana kifua, alfajiri ya Arusha ni zawadi. Ngozi ni kavu, miguu myepesi, anajikuta anakwenda dakika sita kwa kilomita huku akitabasamu. Huo ndio mtego. Joto lililokuwa likimzuia limeondoka, kwa hiyo hasikii onyo, na hewa nyepesi inamtoza kimyakimya. Deni analilipa Jumamosi mlimani.

Kipimo cha Ijumaa ni kinywa: uweze kuzungumza sentensi nzima bila kukata, hata kama saa inasema umechelewa sekunde 10 au 20 kwa kilomita. Njia nazo zichague kwa makusudi. Barabara zinazoelekea Sekei, Sanawari na Ilboru zinapanda kuelekea Meru. Ni nzuri mno, ila si leo. Elekea Njiro. Dakika 40, bila vipande vya kasi, kisha kazi, kisha gari la jioni kwenda Moshi.

Chakula cha usiku kiwe saa moja au saa mbili, wali au ugali, samaki au kuku, mboga iliyopikwa. Wenyeji watakukaribisha nyama choma saa nne usiku, na kukataa ni vigumu. Kubali mwaliko, kula kidogo, na uagize ndizi za kuchoma.

Jumamosi: Mweka

Moshi mjini ni chini kuliko Arusha, kati ya mita 800 na 900, kwa hiyo pumzi itakuwa nzuri kuliko jana lakini joto litakuja mapema. Toka mara tu mwanga unapotosha kuona shimo la barabarani. Kabla ya kutoka kunywa glasi mbili za maji na kula ndizi mbili au vipande viwili vya mkate. Kifungua kinywa cha hoteli kitakukuta ukirudi.

Njia ya kilomita 21 ya Kilimanjaro Marathon hupanda kuelekea Mweka kisha hurudi mjini kwa mteremko, na hilo hulielewi kwenye ramani. Barabara inapita kwenye migomba na kahawa kuelekea Chuo cha Wanyamapori Mweka, kilichoanzishwa 1963, na mbele zaidi iko geti ambalo wapanda Kilimanjaro wengi hushukia. Haipandi kwa ukali wa kukusimamisha. Inapanda kwa uvumilivu, ukidhani imekwisha inaendelea.

Gawa dakika 105 hivi: dakika 15 mjini za kupasha mwili, dakika 45 za kupanda, na zilizobaki za kushuka na kurudi. Kushuka ni kwa haraka zaidi, kwa hiyo utafika mjini muda haujaisha. Zimalizie kwenye tambarare, ndipo utakapojua kama ulipanda kwa akili.

Katika kupanda, fupisha hatua lakini usipunguze idadi yake. Mikono ifanye kazi, kifua kisiinamie magoti, macho mita kumi mbele. Anza utaratibu wa dakika 4 kukimbia na dakika 1 kutembea tangu mwanzo wa mlima, si baada ya kuchoka. Anayetembea kwa mpango hufika juu na pumzi. Anayetembea kwa kushindwa hufika na kichomi. Kichomi kikija hata hivyo, punguza, toa pumzi yote nje kwa nguvu mara kadhaa, bonyeza mahali panapouma na uiname kidogo mbele. Baada ya dakika 50 kula ndizi moja, ambayo ni kama gramu 25 za wanga. Chupa ya nusu lita ikiisha, duka lolote la njiani lina maji.

Kushuka ndiko kunakoumiza, na watu hawaamini mpaka kesho yake. Ukipanda misuli ya mbele ya paja inajikunja ikifanya kazi. Ukishuka inafanya kazi huku ikivutwa irefuke, na nyuzi zake huchanika kidogokidogo. Maumivu hayaji papo hapo. Yanafika kilele saa 24 hadi 48 baadaye. Usishuke kwa kufunga breki na kisigino mbele ya mwili. Hatua fupi za haraka, mguu utue chini ya nyonga, mwili uegemee mteremko kidogo.

Basi kwa nini usipande kwa miguu ukashuka na bodaboda? Wapo wanaoshauri hivyo, na wiki moja kabla ya mbio ningekubaliana nao. Wiki sita kabla, hapana. Misuli ikishachubuliwa na mteremko mara moja, mara inayofuata huumia kidogo sana, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa. Jumamosi hii unanunua Februari. Ukitaka kuwa na uhakika, rudia mteremko mwingine, hata mfupi, wiki tatu baadaye. Dar hakuna Mweka, ila ngazi za jengo refu zinashuka vilevile.

Kurudi

Jumapili ni safari na kutembea tu. Ndege kutoka KIA ni kama saa moja. Basi la Moshi kwenda Dar ni siku nzima, na kanuni za Alhamisi zinarudi zote. Mapaja yatauma zaidi Jumatatu. Ukikuta maumivu ni ya pande zote mbili sawa na yanapungua ukitembea, ni ya mteremko, yatapita. Yakiwa sehemu moja, upande mmoja, unaweza kuyaonyesha kwa kidole, na yanazidi kadiri unavyokwenda, hayo si ya kukimbiliwa.

Homa ni jambo jingine kabisa. Mtu aliyetoka safari akasikia baridi, kichwa na viungo, asijiambie ni uchovu wa Mweka. Uchovu wa mbio hauleti homa. Apime malaria siku hiyo, na asivae kiatu mpaka apone na dawa ziishe.

Jumanne toka kwa dakika 30 nyepesi. Joto la Dar litakupiga kama ngumi hata kama ulikuwa nje siku tano tu. Mwili haujasahau jasho, umezoea ubaridi wa alfajiri mbili tatu, nayo inarekebishika ndani ya siku chache. Usiwe na haraka ya kujaribu mapafu ya milimani. Siku tano hazitengenezi damu mpya ya kutosha kubadilisha chochote, na anayerudi Dar akitafuta faida ya Arusha kwenye saa yake ya mkononi huambulia kichwa kuuma. Siku ya kasi inarudi Alhamisi. Mpaka hapo, viatu vilivyolowa vijaze magazeti ndani, yakilowa yatoe, weka makavu, na uyabadilishe tena baada ya saa moja. Usivianike kwenye jua kali, gundi ya soli hulegea.